Vyumba Viwili au Kimoja Kikubwa?

Msikilizaji, familia ya watu sita inayokwenda Walt Disney World, Florida, hukwama mapema: chumba cha kawaida katika hoteli nyingi za pale hupokea watu wanne tu. Wengi hukimbilia vyumba vya familia vya Art of Animation, hoteli iliyofunguliwa mwaka 2012, vinavyolaza sita na vyenye mabafu mawili. Lakini hebu kwanza pigeni hesabu ya vyumba viwili vya kawaida katika hoteli za All-Star. Mara nyingi jumla yake huwa chini, na mabafu yanabaki mawili yale yale. Isitoshe, katika chumba kile kikubwa kuna watakaolalia sofa, na wengine kitanda kinachoshushwa juu ya meza ya chakula!

Utauliza, watoto walale peke yao? Vipo vyumba vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha. Uombeni siku ile ile ya kuweka nafasi, na mkumbuke kwamba kuomba si kuhakikishiwa. Mwenye kichanga ana hoja nzito zaidi ya kuchagua kile kikubwa: chumba cha familia kina maikrowevu ya kupashia uji, ilhali cha kawaida cha All-Star kina jokofu dogo tu.