Ardhi moja, wadai wengi: fundisho kutoka Antaktika



Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya nchi ya mbali, kusini kabisa mwa dunia. Inaitwa Antaktika. Imefunikwa na barafu, na ukubwa wake ni karibu mara sita ya Kongo yetu. Haina wenyeji, wanaokaa huko ni watafiti na wanaowahudumia. Mtauliza: inawahusu nini watu waliokimbia mashamba yao? Inawahusu, kwa sababu shida ya huko ilikuwa ardhi moja na wadai wengi.

Nchi saba zilidai sehemu huko: Ajentina, Australia, Chile, Norwe, Nyuzilandi, Ufaransa na Uingereza. Madai ya Ajentina, Chile na Uingereza yaliingiliana. Mwaka 1952, mahali panapoitwa Hope Bay, Waajentina walifyatua risasi juu ya vichwa vya Waingereza waliokuwa wakishusha mizigo.

Lakini tarehe 1 Desemba 1959, mjini Washington, nchi 12 zilitia sahihi Mkataba wa Antaktika. Marekani na Umoja wa Kisovyeti, mahasimu wakubwa wa wakati ule, walitia sahihi pamoja. Ubelgiji, iliyokuwa bado inatutawala, ilikuwamo. Mkataba ulianza kazi mwaka 1961, na leo nchi zaidi ya 50 zimeukubali.

Walikubaliana nini? Kwanza, hakuna kambi za kivita, mazoezi ya vita wala majaribio ya silaha. Pili, vituo vyote viko wazi kukaguliwa wakati wowote, ili pasiwe na shuku. Mwaka 1991 waliongeza mapatano ya Madrid yanayokataza kuchimba madini huko. Sisi wa Kongo tunajua uzito wa neno hilo.

Lakini tunaomba mshike hasa Kifungu cha 4. Hakikumlazimisha yeyote kuacha dai lake, wala hakikumpa yeyote ushindi. Kilisema madai yabaki yalivyo, dai jipya lisiletwe, na lolote litakalofanyika wakati mkataba unaendelea lisihesabiwe kuwa haki juu ya ardhi. Ukijenga kituo huko na kukaa miaka 30, hakikufanyi kuwa mwenye ardhi.

Sasa tufikiri juu ya shamba la jamaa aliyekimbia vita. Mwingine analilima, na pengine naye ni mkimbizi mwenye njaa. Wazee wanaweza kupatanisha mbele ya mashahidi wa pande zote: alime, ale, lakini kulima kusihesabiwe umiliki. Asiuze, asihamishe mipaka, na mwenye shamba apewe nafasi ya kutuma mtu kulitazama. Hapo aliye kambini anaweza kungoja bila kushika panga.

Tusidanganyane: tofauti ipo. Antaktika hakuna aliyefukuzwa kwake, na serikali zinaweza kungoja miaka 60. Mama mwenye watoto hawezi. Kwa hiyo mapatano ya kungoja yawe na tarehe ya kukaa tena na kuamua, yasiwe njia ya kumsahau aliyekimbia.

Tena, kukubaliana wote ni kazi ngumu. China na Urusi zimekataa kwa miaka mingi mapendekezo ya kulinda sehemu nyingine za bahari ya huko. Hata hivyo mazungumzo hayakuvunjika. Mwaka 1982 Ajentina na Uingereza zilipigana vita katika visiwa vya Falkland, lakini zote mbili zilibaki ndani ya Mkataba, na vita havikuingia Antaktika.

Tunawaachia maswali ya kujadili kambini na mitaani:
1. Ni mashamba gani yanayogombaniwa ambayo tunaweza kuyawekea mapatano ya kungoja?
2. Nani, wanawake wakiwamo, watakuwa mashahidi wanaoaminiwa na pande zote?
3. Tutakaa tena lini kuamua?

Anayejua kwamba dai lake halitapotea akiwa mbali, hana haja ya kulipigania kwa damu.