Pudini ya Matunda kwa Familia: Mazungumzo ya Kamati ya Mapishi

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka 10 tukiwa kitu kimoja. Katibu ameshasoma risala, Mweka Hazina ameshasoma mahesabu, na makofi mmepiga. Sisi wa kamati ya mapishi tumepewa dakika za mwisho, watu wakiwa na njaa na harufu ya pilau imeshafika hapa. Basi hatuleti hesabu nyingine. Tunataka kuzungumza juu ya pudini.

Tunaona wengine mnacheka. Chekeni tu, lakini sikilizeni. Jambo hili lilituchukulia vikao vitatu, na mnajua wenyewe kikao chetu kimoja kina urefu gani.

Ndugu zetu, katika miaka hii 10 hakuna kitu ambacho akina mama wa kikundi hiki hawajapika. Tumepika maandazi, vitumbua, bagia, kashata na visheti. Mikopo yetu mingi imeingia kwenye karai la mafuta na ikatoka na faida. Tunaamka kabla ya adhana ya alfajiri ili chai ya watu isikose kitafunio. Lakini Waswahili walisema, kinyozi hajinyoi. Watoto wetu wanalijua andazi lililoungua na kitumbua kilichovunjika. Kile kizuri kinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko na kwenda stendi. Hatumlaumu mtu hapa, maana ndoo hiyohiyo ndiyo iliyowanunulia madaftari. Ila mtoto wa mwenzetu mmoja alipouliza, "Mama, hizi ni za kuuza, zetu zipi?" swali lile lilikuja mpaka kikaoni na likakaa nasi.

Wapo waliosema fedha ya kikundi haikukusanywa ili iliwe keki. Hoja yao ilikuwa ya haki, na tunawashukuru kwa kuisema wazi. Wapo waliosema mtu anayelisha mji mzima lazima awe na siku moja ya kulisha wake. Hao nao walikuwa na haki. Mwisho tukaafikiana hivi: fedha ya mfuko haiguswi, ila kikundi kitafute chakula kimoja kizuri, rahisi, ambacho kila mama ataweza kuwapikia watu wake mara moja kwa mwezi. Na kisiwe cha kuuza.

Ndipo tulipofika kwenye pudini ya matunda. Hii ina matunda laini chini na keki juu, vyote katika sufuria moja. Inapendeza ikiwa ya moto. Haibebeki kwenye ndoo kwa sababu inapondeka, na kwa joto la huku kwetu isipoliwa siku hiyohiyo matunda yanachacha. Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara. Kwa nyumba ni faida, maana hata tamaa ikituingia, hatuwezi kuipeleka stendi!

Asili yake ni Uingereza. Wao huiita pudini ya Hawa, kwa kuwa chini huweka matufaha, na watu husimulia kuwa Bibi Hawa alikula tufaha. Huku Pwani tufaha tunalinunua moja moja kama dawa, kwa hiyo sisi tunatumia tulichonacho. Mananasi ya Kiwangwa yanatupita kila msimu kwenye malori yakienda Dar es Salaam, na lililopondeka ubavu mmoja halina mnunuzi. Hilo ndilo letu. Kata sehemu iliyoharibika, tumia iliyo nzima. Likishanuka kama pombe, tupa. Maembe nayo yakianza kuanguka, dodo na bolibo, watoto wanayachoka na nzi wanayafurahia. Yale mabivu ambayo bado yana ugumu kidogo yanafaa sana. Tena ile rangi ya njano ya embe ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, inayosaidia macho.

Na hiyo keki ya juu isiwatishe. Bibi zetu wa Pwani na Unguja walipika mkate wa mayai kabla wengi wetu hatujaijua oveni. Walipiga mayai na sukari mpaka yakaumuka, wakachanganya unga taratibu, wakapalia makaa juu ya mfuniko. Hiyo ndiyo keki. Tofauti ni kwamba mkate wa mayai unataka mayai mengi na mkono usiochoka. Sisi tunatia siagi na bekingi pauda, kazi inapungua. Hiyo pauda aliitengeneza mkemia wa Birmingham, Alfred Bird, mwaka 1843, kwa sababu mkewe hakuweza kula vitu vya hamira. Kwa hiyo, akina baba, mwenzenu mmoja alimfikiria mkewe jikoni, na mpaka leo dunia nzima inafaidi.

MAHITAJI (watu 6 mpaka 8)

Matunda: nanasi 1 la wastani au maembe 3 makubwa, sukari vijiko 2 vya chakula, maji ya nusu limau, iliki punje 4 zilizotwangwa.

Keki: siagi gramu 150, sukari gramu 150, unga wa ngano gramu 150, mayai 3 ya kisasa, au 4 ya kienyeji kwa kuwa ni madogo, bekingi pauda kijiko 1 na nusu cha chai, chumvi kidogo sana, maziwa vijiko 2 vya chakula.

Asiye na mizani atumie kikombe cha robo lita: unga kikombe 1 na robo, sukari robo tatu ya kikombe, siagi theluthi mbili ya kikombe. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba siagi, sukari na unga viwe na uzito sawa, na uzito huo ukaribiane na ule wa mayai. Mwenye mizani ya mawe anaweza kuyaweka mayai upande mmoja yawe ndiyo mawe yake. Ukijua hivyo, hata karatasi hii ikiliwa na panya, wewe utapika.

NAMNA YA KUPIKA

Kwanza matunda. Menya, katakata vipande vidogo, na nanasi litoe ule moyo mgumu. Weka kwenye sufuria pamoja na sukari, limau na iliki, uyapike bila kutia maji. Nanasi lina maji mengi, kwa hiyo lipike mpaka yapungue na kubaki mchuzi mzito kidogo. Hapa ndipo wengi wanapokimbilia. Maji yakibaki mengi yanapanda kwenye keki na kuifanya uji. Embe halichukui muda, likilainika tu inatosha.

Pili keki. Hakikisha siagi ni laini lakini haijayeyuka. Isuge pamoja na sukari kwa mwiko mpaka igeuke rangi, iwe nyeupe na nyepesi. Usione ni kazi bure. Ule weupe ni hewa inayoingia, na hewa hiyo ndiyo itakayoinua keki. Piga mayai pembeni, uyatie kidogo kidogo huku unakoroga. Ukiona inakatika kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko cha unga, itarudi. Chekecha unga, bekingi pauda na chumvi, umimine na kuchanganya polepole kwa kugeuza toka chini kuja juu. Ukipiga sana wakati huu keki itakuwa ngumu. Malizia na maziwa.

Tatu, pakaa siagi sufuria ya kuokea, mimina matunda yakiwa bado ya moto, kisha weka mchanganyiko wa keki juu na uusambaze ufike kingoni. Moto wa matunda unasaidia keki kuiva upande wa chini. Usiuache mchanganyiko ukae ukisubiri mkaa uwake, kwani bekingi pauda ikishalowana inaanza kazi. Kwa hiyo moto uwe tayari kabla ya mayai kuvunjwa.

HABARI YA MOTO

Mwenye oveni aweke nyuzi joto 180 kwa dakika 40 hivi. Sisi tusio nayo tuna jiko la mkaa, na siri yake ni ugawaji. Gawa makaa yaliyokolea mafungu manne: fungu moja chini, matatu juu ya mfuniko. Chini kuna sukari ya matunda, na moto ukiwa mkali inaungua wakati juu bado ni mbichi. Njia salama zaidi ni kuweka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, ukaketisha ile sufuria ya pudini juu ya mchanga, halafu ukafunika na kupalia. Mchanga unatuliza moto.

Mwenye jiko la gesi naye atumie njia hiyohiyo ya mchanga, moto mdogo, mfuniko ukaze. Uso hautapata rangi ya kahawia lakini keki itaiva. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa hiyo wenzetu waliokopa mitungi wasijione wameachwa nje ya pudini.

Usifunue kabla ya dakika 25. Tunajua vidole vinawasha, lakini ukifunua mapema keki inanywea katikati. Baada ya dakika 40 choma kijiti kwenye keki tu, kisifike kwenye matunda. Kikitoka kikavu, imeiva. Epua, iache ipoe kidogo, maana matunda ya chini yanaunguza ulimi kuliko uji. Pakua na maziwa ukiwa nayo, na usipokuwa nayo inalika hivyohivyo.

Akina mama, hapa hatutanii. Jiko la mkaa lisiwake ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na imeua watu usingizini. Na mfuniko wenye makaa uuinue wewe mwenyewe, mtoto akae mbali. Halafu tukumbuke kuwa hii ina sukari nyingi. Ndiyo maana tukasema mara moja kwa mwezi. Mwenye ugonjwa wa kisukari nyumbani atengewe tunda bichi kidogo kadiri alivyoshauriwa hospitali, asikae anatazama wenzake.

UPATU WA PUDINI

Sasa swali la Mweka Hazina: fedha inatoka wapi? Mayai matatu, siagi na sukari kwa mpigo mmoja si jambo dogo kwa kila nyumba. Tukarudi kwenye kile kilichotuzaa sisi wenyewe, upatu. Majirani watatu mpaka watano wanaungana. Mmoja analeta mayai, mmoja siagi, mmoja sukari, mwingine unga na bekingi pauda. Matunda na mkaa ni vya mwenye zamu. Wiki hii tunapika kwako, wiki ijayo kwangu. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vikijaa watoto wanakula. Kwa mtindo huo mfuko wa kikundi haujatoa hata shilingi moja, na wale waliopinga mwanzoni sasa ndio wanaokumbusha zamu.

Tumeona na jambo jingine ambalo hatukulipanga. Siku ya zamu mabinti wanakaa jikoni bila kuitwa, na wavulana wanagombea kusuga siagi. Hapo ndipo wanapojua kupima, kuchekecha na kusubiri. Nasi tunapata saa moja ya kukaa na watoto wetu, tukizungumza bila kuhesabu chenji. Baadhi ya akina baba, hatuwataji, siku hiyo wanarudi mapema.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi la ukumbi na ombi la mizani Katibu ameshalifikisha, hatutalirudia. Sisi tunawaomba wanachama wenzetu jambo moja tu. Mkopo mpya utakapotoka mwezi ujao, panga karai, panga unga wa biashara, panga ndoo. Kisha tenga siku moja ambayo kitakachotoka jikoni kwako hakina bei. Mtoto akiuliza zetu zipi, umjibu: hii yote.

Pudini mbili ziko pale mezani chini ya kawa, moja ya nanasi na moja ya embe. Tunaomba watoto waanze, wakubwa tufuate.

Akina mama oyee! Kikundi chetu oyee!