Karatasi Kabla ya Chuma
Maneno ya Mweka Hazina kwenye hafla ya harambee



Mimi ni mhasibu. Chuma si kazi yangu. Lakini mpwa wangu, fundi wa kuchomelea pale nyumbani, anaunda gari dogo la injini ya pikipiki, na gharama zake huniletea mimi. Mwaka jana alichora vibao vinne vya kushikia injini, akachapisha mchoro, akabandika karatasi juu ya bamba, akakata vyote. Boliti hazikuingia. Printa ilikuwa imepunguza mchoro hadi asilimia 97 ili uenee kwenye karatasi. Milimita 200 kati ya matundu zikawa 194. Bamba zima likaishia kwenye chuma chakavu.

Dawa yake ni ndogo. Chapisha kwa asilimia 100. Kila karatasi iwe na mistari miwili ya milimita 100, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Ipime kwa rula ya chuma. Kigezo cha kwanza kikate kwenye boksi gumu, ukijaribu kwenye gari. Kikikubali, bandika kingine kwenye bamba, gonga panchi katikati ya kila tundu, kata kwa grenda nje kidogo ya mstari, malizia kwa tupa. Alipofanya hivyo, boliti zote ziliingia.

Karatasi ikiharibika unachapisha nyingine. Bamba likiharibika, umepoteza na nauli iliyolifikisha Mpanda.

Wapo wanaomcheka. Lakini Kibaha, Shirika la Nyumbu limeunda malori, na mwaka 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alizindua Dar es Salaam gari dogo la umeme lililoundwa hapa hapa nchini. Hata hivyo, sisemi tujenge kiwanda cha magari. Kijana anayejua kukata kwa kigezo atakata pia vyuma vya geti, mkokoteni na mashine ya kukoboa, na kipande cha kumi kitalingana na cha kwanza.

Ndiyo maana leo tunaomba karakana ya vijana wetu ipate kompyuta, printa, rula za chuma, drili ya mezani na miwani ya kukinga macho. Kila shilingi mtaiona kwenye kijitabu cha mwakani. Nitaandika pia mabamba yaliyoharibika, ili tujue kama somo limeingia.