SARAFU ZA USHINDI NA SARAFU ZA KAZI KUU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Bariadi)



Bwana Katibu aliponiandikia aliniomba niseme juu ya jambo nilifanyalo nyakati za mapumziko, yaani kukusanya sarafu za kale. Nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jambo lenyewe lina mafunzo mengi, na gharama yake haimshindi mtumishi wa mshahara mdogo. Ya pili ni deni, nami nitalitaja kabla sijaketi.

Yanipasa nianzie mbali kidogo. Wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya tangu zamani hupenda mno sarafu za Warumi, na hasa zile zilizopigwa kwa kukumbuka vita vilivyoshindwa na majengo yaliyojengwa. Katika dola ile hapakuwa na gazeti la kuchapwa. Basi Kaisari alipotaka watu wa mbali wajue kwamba ameshinda, au kwamba amejenga bandari, aliitia habari ile katika fedha, maana fedha hufika kila soko, na hata asiyejua kusoma huiona picha. Augustus alipoitwaa Misri alipiga sarafu yenye mamba na maneno mawili tu, AEGYPTO CAPTA, maana yake Misri imetekwa. Yerusalemu ulipoanguka mwaka 70, Vespasian alimwonyesha mwanamke ameketi chini ya mtende, ameinama kwa huzuni, na maneno yakawa IUDAEA CAPTA. Claudius naye alijisifu kwa ushindi wake wa mwaka 43, akachora lango la ushindi lenye neno DE BRITANN, yaani juu ya Waingereza. Hapa huwa nacheka kidogo, maana wale ambao baadaye walituletea shilingi yenye simba wao wenyewe walipata kutiwa katika sarafu kama watu walioshindwa.

Lakini mimi nampenda zaidi Trajan, aliyetawala tangu mwaka 98 hata 117. Alipigana vita viwili na watu wa Dacia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Romania, akawashinda mwaka 106, naye alipiga sarafu za ushindi ule kwa wingi. Walakini alipiga pia sarafu za kazi zake. Iko yenye bandari aliyoijenga karibu na Rumi, na merikebu zimo ndani yake. Iko ya mfereji wa maji safi alioufungua mwaka 109. Tena iko ya barabara yake ya kusini mwa Italia, nayo barabara imechorwa kama mwanamke aliyejinyosha chini, ameshika gurudumu. Sijui afisa wa ujenzi wa wilaya gani angethubutu kuichora barabara yake hivyo.

Sasa mtauliza, na mna haki ya kuuliza, Warumi watuhusu nini sisi wa Simiyu? Sisemi kwamba sarafu ya Kirumi imeokotwa Ntuzu au Meatu. Ila tazameni rupia ya Mjerumani. Rupia ya kwanza ilitolewa mwaka 1890, nayo haikutolewa na serikali bali na kampuni ya biashara iliyoshika pwani yetu, ambayo ilikuwa imetoka tu katika vita na Abushiri, aliyenyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Upande mmoja una ngao ya kampuni, yenye simba na mtende. Upande wa kichwa yumo Kaisari Wilhelm, amevaa kofia ya chuma iliyokaliwa na tai, na maneno yanayomzunguka si ya Kijerumani. Ni ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Lugha ni ile ile ya Trajan, na cheo ni kile kile. Ile pesa ndogo ya shaba ya mwaka ule ule iliandikwa kwa herufi za Kiarabu upande mmoja, ili mfanya biashara wa pwani aisome. Hivyo mkubwa alisema Kilatini katika fedha, akasema Kiarabu katika shaba, na mtu wa bara hakuambiwa neno lolote.

Yeye aliambiwa kwa kodi. Tangu mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilitoza kodi ya nyumba, na aliyetakiwa kuilipa hakuwa na budi kuitafuta sarafu ile, kwa kuuza ng'ombe au kwa kwenda kazi ya mbali. Mwaka 1904 rupia iligawanywa katika heller mia moja badala ya pesa sitini na nne, nasi tukalichukua neno lile tukalifanya letu. Hata leo mtoto aombaye hela ya daftari ataja sarafu ya Wajerumani, wala hajui.

Naja sasa kwenye sarafu ambayo kila mkusanyaji wa Afrika Mashariki huiota usiku. Wajerumani walipokuwa wakipigana na Waingereza na Wabelgiji, njia ya bahari ilikuwa imefungwa, na fedha kutoka kwao haikuja tena. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Basi mwaka 1916 karakana ya reli pale Tabora iligeuzwa kuwa nyumba ya kupigia sarafu. Walipiga heller ishirini na heller tano kwa shaba waliyoikusanya, pamoja na maganda ya risasi za mizinga, na herufi T, ya Tabora, imo chini. Kisha wakapiga rupia kumi na tano za dhahabu. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, huko Iramba, nchi ambayo ndugu zetu wa Meatu huiona kuwa ya jirani. Ilichorwa tembo ameinua mkonga, na milima nyuma yake. Zilipigwa 16,198, hazikuzidi, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakaingia Tabora.

Nimeiona sarafu hiyo mara moja tu, nyuma ya kioo. Nilisimama mbele yake muda mrefu, nami nikafikiri hivi. Trajan alijenga barabara akaitia katika sarafu. Wajerumani walijenga reli kubwa kuliko kazi yoyote iliyopata kufanywa katika nchi hii kabla yake, na katika sarafu wakamtia tembo. Reli haionekani. Lakini sarafu yenyewe ilizaliwa ndani ya karakana ya reli, na tuta la reli ile lilijengwa kwa mikono ya Wanyamwezi na Wasukuma na wengine wengi waliobeba udongo kwa karai ili wapate rupia ya kodi. Mwenye kuisoma sarafu kwa jicho lake tu huona tembo. Yapasa pia kuuliza dhahabu ilichimbwa na nani, na nani aliyevuta mtambo.

Baada ya vita alikuja Mwingereza. Kwanza alileta florini, nayo haikudumu, kisha shilingi ya mwaka 1921 yenye simba mbele ya milima. Sarafu hizi wazee wetu wanazikumbuka, hasa zile za tundu katikati, za senti moja, ndururu na senti kumi, ambazo watu walizitunga katika uzi kama shanga. Shilingi ya Mfalme George wa Sita iliyopigwa kabla ya mwaka 1947 humwita Mfalme na Kaisari wa India, tena kwa Kilatini. Ile ya mwaka 1948 humwita Mfalme tu. India ilikuwa imejitawala mwaka 1947, na habari ile kubwa ilifika katika duka la pamba kwa njia ya maneno yaliyofutwa katika shilingi. Fedha nayo ilikuwa imeondolewa humo, ikatiwa nikeli na shaba. Kadhalika iko senti kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu mwezi wa Desemba mwaka huo huo kabla ya kuvikwa taji. Sarafu za tundu hazina kichwa cha mfalme, hivyo zilikuwa zimekwisha pigwa kwa jina lake tu, zikaenea kwetu. Mtu akisikia hadithi hiyo hudhani ameshika mali. La hasha, zilipigwa nyingi mno, na bei yake ni ndogo. Naomba neno hili mlishike, maana nitalirudia.

Kabla ya hao wote palikuwa na Kilwa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331, aliukuza Msikiti Mkuu na ndiye anayetajwa kwa jumba la Husuni Kubwa. Sarafu yake moja ya shaba ilipatikana Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Kama angalikuwa Mrumi, angaliuchora msikiti ule. Hakuuchora. Sarafu za Kilwa zina maneno ya kumtegemea Mungu upande mmoja na jina la sultani upande wa pili, na pande mbili hizo zina vina kama shairi. Kwangu mimi hakuna sarafu nzuri kuliko hizo.

Za kwetu wenyewe zilianza mwaka 1966, Benki Kuu ilipofunguliwa. Shilingi ya kwanza ina Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili, nayo ni sarafu ya ushindi usiokuwa na mateka chini ya mtende. Mwaka 1971 ikatoka shilingi tano yenye pande kumi, kwa kukumbuka miaka kumi ya uhuru, imezungukwa na mazao ya shamba. Shilingi tano watu waliiita dala, na makondakta wa Dar es Salaam walipoitangaza nauli yao wakalipa jina basi lenyewe.

Sasa deni langu. Miaka michache iliyopita, saa ya chai ofisini, nilijisifu mbele ya wenzangu. Nilisema kwamba sarafu ya Mjerumani ya Tabora huuzwa kwa mamilioni. Nilisema kweli, lakini nilisema kwa haraka, kama mtu anayetaka kusikilizwa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu hakuyasikia maneno dhahabu wala Tabora. Alisikia Mjerumani, akasikia mamilioni.

Alipopata kiinua mgongo chake walimjia watu wawili na rupia iliyofungwa katika kitambaa cheusi. Walimwambia kwamba rupia ile huvuta punje za mchele, na kwamba mnunuzi yuko Mwanza anaisubiri. Akawapa fedha ambayo ingenunua ng'ombe kumi na wanne. Mnunuzi hakuonekana. Ndipo akaniletea, akaniambia, "Mwanangu, wewe unayezijua hizi, nitazamie."

Niliitazama nikajua papo hapo, ila sikuwa na moyo wa kutamka. Nikamwomba twende kwa sonara. Rupia ya kweli ina uzito wa gramu kumi na moja na theluthi mbili, na ukingo wake una mikato midogo midogo kuizunguka. Ile ilikuwa haifiki gramu tisa, na ukingoni ulipita mstari wa kalibu, kama unavyouona katika sufuria ya kusubu. Mzee alitazama mizani muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na kama ingekuwa ya kweli?" Nikamjibu kwamba rupia ya mwaka wa kawaida, hata iwe nzuri, haifiki bei ya ng'ombe mmoja. Hakunilaumu. Ningependa angalinilaumu.

Ameniruhusu nisimulie bila kutaja jina lake. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokaribia kustaafu, akija mtu na rupia, mwambieni twende kwanza kwenye mizani. Akikataa, mmekwisha kujua. Akiwaambia habari za mchele au za kiberiti kisichowaka, mmejua zaidi. Na wale wanaochimba usiku kuzunguka maboma ya zamani wakitafuta sanduku la Mjerumani wanajiharibia miguu na kuharibu kuta. Tena iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vilivyofanyizwa kabla ya mwaka 1863, zikiwamo sarafu za Kilwa. Hizo haziuzwi kama mahindi, na kuzichimba kwataka leseni.

Mwenye sarafu za babu yake nyumbani asizisugue kwa mchanga wala kwa ndimu. Mimi nilisugua za babu yangu zote nilipokuwa kijana, zikang'aa siku tatu, na tangu hapo hazisomeki. Aziweke katika karatasi kavu, aandike alizipata kwa nani na mtu huyo alizipata kwa kazi gani. Maandishi hayo hayauzwi popote, na wenye kujua wanazidi kufa.

Sanduku langu liko pale mezani karibu na dirisha. Tafadhali mzishike kwa ukingo. Rupia ya yule mzee imo, mwisho wa safu ya pili. Alikataa kuichukua, akasema niiweke pamoja na nyingine. Ya kweli iko ubavuni mwake, na mizani ndogo nimeileta.