Chumvi Ndani ya Pawa Saplai: Kutengeneza au Kubadilisha

Mafundi wenzangu wa Marereni, Gongoni na Kurawa,

Amplifaya ikifika mezani kwetu imekufa, mwenyewe husema neno moja tu: "Imeungua stima." Tunafungua kifuniko, tunaona fyuzi imekatika au daiodi imepasuka, tunaweka nyingine, muziki unalia, mteja analipa na kwenda zake. Baada ya wiki tatu anarudi. Nimekuja kusema kwamba hapa kwetu pawa saplai haifi yenyewe. Kuna kitu kilichoiua, na mara nyingi kitu hicho bado kimo ndani ya kasha tunapomkabidhi mwenyewe mali yake.

Tuanze na hewa. Ukitoka barabara ya Malindi kwenda Garsen ukaelekea baharini, unakutana na mashamba ya chumvi. Upepo unaopita juu yake huingia madukani, makanisani, misikitini na ndani ya kila mashine yenye matundu ya kupumulia. Chumvi ya mezani huanza kuloa yenyewe unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi. Chumvi ghafi ya bahari ina magnesiamu ndani yake na huloa mapema zaidi. Sasa fikirieni amplifaya iliyozimwa usiku ikapoa. Vumbi lililotanda juu ya bodi linakuwa maji ya chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme. Asubuhi mtu anawasha, volti 240 zinakuta njia ambayo aliyebuni bodi hakuiweka.

Wengi wetu tunasafisha bodi kwa spiriti peke yake. Spiriti inaondoa mafuta na utomvu wa risasi vizuri sana, lakini chumvi karibu haiyeyuki ndani yake. Unaisogeza tu kutoka pembe moja hadi nyingine. Chumvi inataka maji, na si maji ya visima vyetu, kwa sababu mengi yana chumvi yake. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi, au yale maji safi ya kuongezea betri za gari. Soma chupa vizuri usije ukachukua asidi. Toa kwanza fyuzi na kila kisichotaka kuloa, na transfoma usiimwagie maji kabisa. Sugua bodi kwa mswaki laini, suuza, kisha ndipo uipitishe spiriti ifukuze maji. Ianike mahali penye joto siku nzima, halafu upake vanishi upande wa risasi.

Miaka yangu ya mwanzo nilibadilisha daiodi za amplifaya moja ya harusi mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara ya tatu nilipoitoa transfoma ndipo nikaona mstari wa kutu ya kijani chini yake, ukitoka upande wa stima kubwa hadi kwenye njia za daiodi. Yule mtu alikuwa amenilipa mara zote tatu. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonileta hapa.

Kabla ya kugusa chochote, mkumbuke kapasita kubwa. Kwenye pawa saplai isiyo na transfoma nzito, stima ya volti 240 ikinyooshwa inafika karibu volti 340, na kapasita hubaki nazo hata waya ukiwa umechomolewa. Msiipige shoti kwa bisibisi. Chukueni rezista ya kilo-omu 2.2, ya wati 5 au zaidi, mwishikie kwa koleo lenye mpira. Kapasita ya maikrofaradi 100 inaisha ndani ya sekunde moja au mbili. Kisha mpime kwa mita mthibitishe.

Na msiwashe mashine mliyotoka kuitengeneza moja kwa moja kwenye soketi. Fungeni globu ya waya ya wati 60 au 100 kwenye njia ya stima, ili umeme upite kwenye globu kwanza. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo ni shwari. Ikibaki inawaka sana, bado kuna shoti, na mmeokoa daiodi mlizotoka kununua. Ikiwaka na kuzima kwa zamu, pawa saplai inajaribu kuamka ikashindwa, au globu ni ndogo kuliko kazi. Jaribuni globu kubwa zaidi kabla ya kuhukumu.

Sasa nije kwenye wufa, maana ndizo nyingi mezani kwetu. Nyingi ndogo zina transfoma ya 12-0-12 na aisi za TDA2030. Aisi hiyo imewekewa mwisho wa volti 18 kila upande. Volti 12 za transfoma zikinyooshwa na kuchujwa zinatoa karibu 16 au 17, na transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Fundi akikosa transfoma ya 12 akaweka ya 15 kwa sababu ndiyo aliyo nayo, upande mmoja unapanda hadi volti 20 na ushei. Wufa italia kwa nguvu siku mbili tatu, mwenyewe afurahi, kisha aisi ife na pengine iondoke na spika. Vivyo hivyo kapasita ya volti 16 iliyong'olewa kwenye bodi kuukuu haifai hapo. Weka ya 25, au 35 ikiingia.

Joto nalo ni adui, hasa kwa mashine zinazoachwa zikiwaka mchana kutwa chini ya mabati. Kapasita ikiandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, kila ukipunguza nyuzi 10 umri wake unazidi mara mbili hivi. Ndani ya kasha lenye nyuzi 65 hiyo inakaribia saa 32,000. Ile ya nyuzi 85, yenye saa zilezile, inaishia saa 8,000, yaani miezi 11 ikiwaka bila kuzimwa. Tofauti ya bei ni shilingi chache tu.

Je, lini tutengeneze na lini tubadilishe? Pawa saplai ya transfoma nzito mimi naitengeneza karibu kila mara, kwa kuwa sehemu zake ni chache na zinapatikana. Zile ndogo nyepesi naangalia bodi kwanza. Ikiwa imeungua ikawa mkaa kati ya upande wa stima na upande wa sauti, siitengenezi hata mteja akinisihi, kwa sababu mkaa unapitisha umeme na mtu atakayeshika maikrofoni ndiye atakayelipa. Nabadilisha nzima, nikilinganisha volti, ampea, na kama ni ya pande mbili au mmoja. Ile kapasita ndogo ya buluu inayovuka pande hizo mbili iwe na alama ya Y1 au Y2, wala isiwekwe ya kawaida.

Kuhusu fyuzi nitasema waziwazi. Kufunga uzi wa waya badala ya fyuzi, au karatasi ya sigara, ni hatari kubwa katika mji wenye nyumba za makuti. Amplifaya za matanga hulia usiku kucha karibu na watoto waliolala. Asiye na fyuzi ya kipimo kinachotakiwa airudishe mashine ikiwa imefunguliwa.

Mwisho, ijaribuni mashine kwa mzigo saa mbili, si dakika mbili, mkigusa kifuniko kila mara kujua joto. Bandikeni karatasi ndani ya kasha: tarehe, kilichobadilishwa, volti mlizopima. Fundi atakayeifungua baadaye, awe ni wewe au mwenzako, ataanzia hapo.

Nimekuja na bodi sita zilizoliwa na chumvi, ziko meza ya dirishani pamoja na mita na globu. Tusogee.