Tochi Sitini za Kuchaji: Kwa Nini Tuliomba Kuzijaribu Kwanza

Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni kutoka sharika rafiki, Tukuyu



Tumepewa dakika ishirini kuzungumzia tochi. Tunafahamu kwamba baadhi yenu mlitazamana mlipoiona mada hii kwenye ratiba, imewekwa kati ya mradi wa maji na taarifa ya ng'ombe wa maziwa. Tochi ni kitu cha dukani, mtu hununua akaenda zake. Lakini mwaka 2023 marafiki zetu wa nje walituandikia kwamba wako tayari kuwanunulia wainjilisti na wahudumu wa afya wa sharika tochi 60, zile nyeusi za kuchaji, za alumini, ambazo wauzaji huziita za kijeshi. Picha waliituma na fedha ilikuwepo. Sisi tuliomba muda wa kuzijaribu kwanza. Kuna wajumbe waliouliza, tena kwa haki, kwa nini ofisi inachelewesha zawadi. Leo tunajibu.

Sababu ya kwanza ni aibu yetu wenyewe. Mwaka 2019 tuliwanunulia wahudumu wa afya tochi za kuchomeka ukutani kwa bei nafuu. Pale ofisini zote ziliwaka vizuri sana, tukapiga picha. Aprili iliyofuata mhudumu mmoja alikuwa akimsindikiza mama mwenye uchungu usiku, mvua ikinyesha, wakishuka kutoka kijijini kwenda barabarani ambako gari lilikuwa linawasubiri. Tochi ilizimika katikati ya mteremko. Mnazijua njia zetu wakati wa masika: tope, mawe na mizizi ya miti. Walimalizia njia kwa mwanga wa simu ambayo nayo ilikuwa inaishiwa. Mama alifika na mtoto akazaliwa salama, tunamshukuru Mungu. Wiki ile mhudumu alikuja ofisini, akaiweka tochi mezani, akaondoka bila kusema neno. Sisi katika taarifa ya mwaka tulikuwa tumeandika kwamba vifaa vyote vimegawiwa kwa walengwa kwa asilimia 100. Na ilikuwa kweli.

Baadaye tuliifungua ile tochi. Ndani ilikuwa na betri ya risasi na asidi, ndugu mdogo wa betri ya gari. Betri ya namna hiyo haipendi kukaa tupu. Ikiachwa wiki kadhaa bila chaji, chumvi ngumu hujijenga juu ya sahani zake za risasi, na kuanzia hapo inapokea chaji kidogo tu au haipokei kabisa. Sasa fikirini mhudumu ambaye hana umeme nyumbani na huichaji anapopata nafasi. Tulimpa kifaa ambacho kingekufa kwa sababu ya maisha anayoishi, halafu tukasema hakukitunza. Si sisi peke yetu tulioonja hayo. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2010 uliwahoji watumiaji 46 wa tochi za LED za bei ya chini, na wengi wao walikuwa wamepata matatizo ya ubora ndani ya miezi sita tu.

Kwa hiyo safari hii tuliamua kupima. Kuanzia Machi hadi Juni 2024 tulinunua tochi sita za aina tatu, tukawapa watu ambao hutembea gizani kwa kazi: wainjilisti wawili, wahudumu wa afya wawili, mama mmoja anayepeleka maziwa alfajiri, na mlinzi wa usharika. Tulichagua miezi hiyo kwa makusudi, ili tupate mvua ya masika na ukungu wa Juni.

Tuanze na maandishi ya kwenye boksi. Boksi moja lilidai lumeni 10,000. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Koroboi hutoa kama lumeni 10, na balbu ya zamani ya wati 60 hutoa kama 700 au zaidi kidogo. Tochi ya mfukoni haiwezi kutoa mwanga wa balbu kumi na kitu kutoka kwenye betri moja ndogo na kuendelea hivyo usiku kucha, na ingejaribu ingemuunguza aliyeishika. Hata kampuni za kweli zinazofuata kipimo cha Marekani kiitwacho ANSI FL 1, kilichotolewa mwaka 2009, inafaa kuzisoma kwa uangalifu. Kipimo hicho huanza kuhesabu mwanga sekunde 30 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga uliobaki ni sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Maana yake tochi iliyoandikwa lumeni 1,000 kwa saa tatu yaweza kutoa hizo 1,000 kwa dakika chache tu, kisha ikatambaa kwa mwanga mdogo saa zote zilizobaki. Hapo hakuna uongo. Ila mwinjilisti anayehesabu saa tatu za mwanga wa mwanzo atakwama njiani.

Kisha betri. Aina zote tatu zinatumia betri ya lithiamu iitwayo 18650, na namba hiyo ni vipimo vyake tu: unene milimita 18, urefu milimita 65. Betri nzuri kabisa ya ukubwa huo hubeba kama mAh 3,500, na uzito wake ni gramu 45 hivi. Moja ya zetu iliandikwa mAh 9,900. Tukaipeleka duka la dawa, tukaomba mizani. Gramu 31. Muuza dawa alicheka, sisi hatukucheka, kwa sababu aina hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye picha tuliyotumiwa na marafiki zetu. Tunasema hivi mbele yao kwa upendo. Walidanganywa kama sisi tulivyodanganywa mwaka 2019, na afadhali tujue kabla ya kununua 60. Wajumbe mnaoweza kupata mizani ndogo, huu ni uchunguzi wa dakika moja na hauhitaji mtaalamu.

Matokeo ya barabarani ndiyo yaliyotushangaza zaidi. Sisi wa ofisini tuliipenda ile yenye mwanga mkali unaokwenda mbali. Ukisimama hapa Tukuyu mjini usiku wa mbalamwezi unaweza kumulika migomba ya ng'ambo. Wainjilisti hawakuipenda. Kwenye ukungu mwanga mkali unakurudia usoni kama ukuta mweupe, na mbele huoni kitu. Mmoja wao aligundua mwenyewe kwamba akipunguza mwanga na kuishusha tochi mpaka usawa wa goti anaiona njia, na ndiyo sababu taa za ukungu za magari huwekwa chini. Kwa kutembea, lumeni 50 hadi 100 zilizosambaa vizuri ziliwatosha wote. Na kwa mwanga huo betri ya kweli inakaa saa nane hadi kumi, wakati kwa mwanga mkali kabisa ni kama saa moja.

Halafu kuna ile swichi. Tochi hizi za kijeshi zina kitufe kimoja: bonyeza mara moja mwanga mkali, mara mbili mwanga wa kati, mara tatu mwanga mdogo, mara nne unamweka haraka haraka kama radi ili kumvuruga adui. Mhudumu wa afya hana adui. Yeye alikuwa nyumbani kwa mgonjwa saa nane usiku, akitafuta mwanga mdogo, akajikuta amemmwekea mzee usoni mpaka watoto wakalia. Pia alituambia kwamba ule mwanga wa bluu-bluu unamsumbua, hawezi kusema kwa hakika kama macho ya mtoto mchanga yameingia manjano. Hilo tungependa lieleweke vizuri: manjano ya mtoto huangaliwa kwenye mwanga wa mchana, na kwa mashaka yoyote mtoto hupelekwa kituoni. Lakini tochi yenye mwanga wa joto kidogo inamsaidia mtu kuona rangi ya damu na ya ngozi kuliko ile nyeupe ya baridi.

Mama wa maziwa alitufundisha jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria kabisa. Baada ya wiki moja aliirudisha tochi yake, akasema ni nzuri lakini yeye ana mikono miwili na ng'ombe anaitaka yote. Alikuwa anaishika kwa meno. Tulimpatia tochi ya kufunga kichwani, ya bei ndogo kuliko zote, na hajairudisha mpaka leo. Wahudumu wa afya walipoiona wakaomba na wao wabadilishiwe.

Maji tuliyajaribu kwa ndoo. Alama ya IPX4 maana yake kifaa kinavumilia kurushiwa maji, na IPX7 maana yake kinaweza kukaa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kwa mvua yetu tusikubali chini ya hapo. Katika ndoo aina mbili zilipona. Mwezi wa tatu moja kati ya hizo ikaingia maji, kwa kuwa kile kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la kuchajia kilikuwa kimekatika. Kifuniko hicho ni kidogo kuliko ukucha na ndicho kilichoiua tochi.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Mwezi wa pili mwinjilisti mmoja aliitwa usiku kwenye msiba, akachukua tochi, akaikuta tupu. Wakati huo mwanawe alikuwa anajiandaa na mtihani wa darasa la saba na alikuwa akiisomea kila usiku. Umeme wa REA umefika kijijini, nguzo inaonekana ukisimama mlangoni, lakini nguzo kufika kijijini si sawa na waya kufika nyumbani. Kabla ya tochi yule mtoto alikuwa akisomea koroboi.

Katika kamati yetu ndogo palikuwa na maoni kwamba tuandike sharti: tochi ni mali ya usharika na isitumike kwa shughuli za nyumbani. Tulilijadili kwa muda mrefu. (Wachungaji, tunajua mmekwisha kuwakumbuka wanawali kumi. Hilo tunawaachia ninyi na mimbari zenu.) Mwisho hatukuweza kuliandika sharti hilo. Ni nani kati yetu angeizima taa mtoto akiwa anasoma? Na sharti ambalo kila mtu anajua litavunjwa huwafundisha watu kutuficha mambo, halafu sisi tunarudi kuandika asilimia 100.

Pendekezo tunaloleta kwenu ni kwamba fedha ile ile isinunue tochi 60. Inunue seti 40. Kila mwinjilisti apate tochi ndogo ya kuingia mfuko wa koti, kwa kuwa zile nzito zilibaki zimening'inia ukutani, na kila mhudumu wa afya apate ya kichwani. Zote zichajiwe kwa chaji ya simu ya kawaida. Betri iwe ya kutolewa, na ya pili iwepo ya akiba, ikae kwenye kijaluba chake cha plastiki na si mfukoni pamoja na funguo na sarafu, kwani vyuma vikiunganisha ncha zake inaweza kuwaka moto. Na kila nyumba ipate taa moja ndogo ya sola ya mezani, iliyo kwenye orodha ya taa zilizopimwa ya VeraSol, kwa ajili ya watoto.

Maana yake watu 20 waliotarajia hawatapata awamu hii. Tunalisema wazi, maana baadhi yao wamo humu ukumbini na majina yao yaliwahi kusomwa. Tuliwaandikia marafiki zetu kuwaeleza, wakajibu kwamba wanatuachia uamuzi. Sisi nasi tunauleta kwenu, kwa sababu ni ninyi mnaojua nani hutembea mbali zaidi. Kila kamati itume majina kwa kufuata umbali na hatari ya njia. Cheo kisihesabiwe. Usharika ulio kando ya lami ya kwenda Kyela hauwezi kulingana na mtaa ulio juu huko chini ya Mlima Rungwe.

Wageni wetu wanaopenda kutuletea betri kwa ndege, tafadhali zile za akiba zisiwekwe kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege. Hairuhusiwi. Zibebwe mkononi, kila moja imefunikwa ncha.

Na zile tochi za mwaka 2019 zilizokufa, tunaomba mzirudishe ofisini. Msizitupe shambani wala chooni, risasi iliyomo ni sumu. Tunalo boksi pale mlangoni, na ya yule mhudumu ndiyo ya kwanza ndani yake.