Uko wa wapi?

Hotuba iliyotolewa Kalemie mbele ya familia zilizohamishwa na vita na viongozi wa mitaa

Asanteni kwa kukubali kukaa chini ya hema moja. Najua kati yenu kuna waliokimbia kutoka Nyunzu, wengine Manono, wengine Fizi, na kuna wenyeji wa hapa waliowapokea. Tena najua kwamba si wote mlipenda kukaa karibu leo.

Nimeombwa nizungumze juu ya uzalendo: ni nini kinachomfanya mtu wa nchi yenye makabila mengi aseme kwa moyo wake, "Mimi ni Mkongomani," na aitumikie nchi hiyo kwa uaminifu. Nimesoma chuo kikuu, lakini sitaanza na vitabu. Nitaanza na swali ambalo kila mmoja wenu ameulizwa, kwenye bariyeri, kwenye kisima, kwenye mstari wa kungoja unga: "Wewe uko wa wapi?"

Mimi nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka mitano. Nilizaliwa Likasi. Baba yangu asili yake ni Kasai, mama yangu ni mtu wa hapa kando ya ziwa. Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa katika Katanga, na sisi tukalala siku nyingi kwenye kituo cha gari la moshi, pamoja na maelfu ya wengine, tukingoja mabehewa. Bwana mmoja alituambia turudi kwetu. Baba akamwuliza, "Kwetu ni wapi?" Hakuwa anamdhihaki. Yeye pia alizaliwa Likasi, na Kasai alikuwa hajawahi kuiona kwa macho yake. Mama angeweza kubaki, hakuna aliyemfukuza. Alipanda pamoja nasi.

Nakumbuka jambo lingine. Jirani yetu, mwanamke mwenyeji wa Katanga, alikuja usiku pale kituoni na bukari na sombe ndani ya sufuria iliyofungwa kitenge. Kama angeonekana, angepigwa. Nikijiuliza leo ni lini nilianza kujisikia Mkongomani, nafikiri ni usiku ule. Bendera nilikuwa nimeiona mara nyingi, na haikunifanya kitu.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka wakati wa Mobutu. Mwaka 1971 nchi ilipewa jina la Zaire, na mto ukaitwa hivyohivyo, kama pesa ilivyokuwa ikiitwa tayari. Mwaka uliofuata watu waliambiwa waache majina ya Kikristo na kuchukua majina ya mababu. Wafanyakazi wa serikali waliimba na kucheza kwa ajili ya chama kabla ya kuingia ofisini. Sisemi kwamba yote hayo yalipotea bure. Watoto wa shule kutoka kila pembe walijifunza kwamba wana nchi moja, na hilo lilibaki. Lakini Septemba 1991 askari ambao mishahara yao haikuwafaa kitu walipora Kinshasa, mji mkuu wao wenyewe, na wananchi wengi wakapora nyuma yao. Watu wale walikuwa wameimba miaka 20! Mtu anaweza kuimbishwa. Kupenda hawezi kulazimishwa.

Wengine husema lugha moja inatosha. Wengi wenu mliishi Nyarugusu, kule Kigoma, na mliona wenyewe jinsi Watanzania, wenye makabila zaidi ya 120, hawaanzi mazungumzo kwa kuuliza kabila. Kiswahili kimewasaidia sana. Lakini Mwalimu Nyerere hakuwapa Kiswahili peke yake. Watoto waliofaulu walipelekwa kusoma sekondari katika mikoa isiyo yao, wakalala bweni moja na watoto wa makabila mengine, na wakubwa wa serikali walihamishwa huku na huku bila kujali walizaliwa wapi. Upande wa pili tazameni Burundi, jirani yetu wa karibu kabisa. Warundi wote wanasema Kirundi, na vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwachinja hivyohivyo. Sisi tuna lugha nne za taifa na Kifaransa juu yake, na mimi sioni kwamba huo ndio ugonjwa wetu.

Ugonjwa ni pale nchi inapompokea mtu leo na kumkana kesho. Hili nitalisema polepole kwa sababu linauma. Mwaka 1972 sheria iliwapa uraia watu waliotoka Rwanda na Burundi na kuishi Kivu tangu kabla ya Januari 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta uraia ule, ikataka kila mtu aonyeshe kwamba mababu zake walikuwa ndani ya mipaka ya Kongo mwaka 1885. Ni nani kati yetu ana karatasi ya babu yake ya mwaka 1885? Sheria ya Novemba 2004 ilirekebisha: makabila yote yaliyokuwa katika nchi hii siku ya uhuru mwaka 1960 ni ya Kongo. Lakini katikati ilipita miaka zaidi ya 20, na katika miaka hiyo wenye bunduki walipata maneno ya kuwaambia vijana. Simtetei hata mmoja aliyechukua silaha, awe wa kabila gani. Ninyi hapa mmelipa gharama yake. Nasema tu kwamba ukimwambia mtu kila asubuhi kwamba yeye si wako, usishangae siku moja akikuamini.

Wala tusidhani hilo ni jambo la Kivu tu. Hapa Tanganyika tunao ndugu zetu Batwa. Walikuwa katika misitu hii kabla ya sisi sote, na hakuna anayewaita wageni. Hata hivyo tumewanyima mashamba, tumewalipa kazi ya siku nzima kwa chumvi, na mtoto wao akiingia darasani wenzake wanasogea. Mwaka 2016 ugomvi juu ya kodi ya viwavi ulisaidia kuwasha tena mapigano kati ya Batwa na Baluba, na vijiji vikaungua. Fikirini: mtu hajapata kutoka kwa serikali shule, wala daktari, wala karatasi, na siku anapokutana nayo, imekuja kuhesabu viwavi vyake. Tangu mwaka 2022 kuna sheria ya kulinda haki zao. Ni nzuri. Nimeuliza katika vijiji vitano, na hakuna shefu aliyekuwa ameisoma. Leo nimeleta nakala.

Na bado, ndugu zangu, Kongo haikuvunjika. Katanga ilijitenga Julai 1960, ikarudi Januari 1963. Kati ya 1998 na 2003 nchi ilikatwa vipande, na mji huu wa Kalemie ulikuwa upande mmoja na Kinshasa upande mwingine. Watu waliendelea kusema "sisi Wakongomani." Februari 2024 vijana wa Leopards walisimama Abidjan kabla ya nusu fainali, wimbo wa taifa ukipigwa, wakafunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki, ili dunia iangalie mauaji ya mashariki. Walifungwa bao 1 kwa 0, lakini nilikuwa katika kambi usiku ule, na niliona Mtwa na Muluba wakilia mbele ya televisheni moja ndogo. Kwa hiyo upendo upo. Kinachokosekana ni upendo huo kujibiwa, mtu aone kwamba nchi nayo inamjua.

Katiba ya mwaka 2006 inasema hivyo waziwazi. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya kabila au mahali anapokaa. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa popote katika nchi. Lakini mwenye njaa hali Katiba. Ataiona katika mikono yenu, ninyi mashefu, mnapoandika orodha ya msaada. Mwezi uliopita, katika eneo fulani ambalo sitalitaja, familia 11 ziliachwa nje ya orodha kwa sababu lafudhi yao haikumpendeza mwandishi. Tulikaa barza ya siku mbili, wakaingizwa. Mwandishi yule aliona haya, na leo ndiye anayeandika vizuri kuliko wote. Familia zilizopokea wageni, nazo zisisahauliwe: mwenyeji aliyegawa shamba lake na asipate hata sabuni ataanza kuuliza swali lile la bariyeri.

Jambo la mwisho ni la kazi. Mtoto anayezaliwa ana siku 90 za kuandikishwa katika kitabu cha serikali, bila malipo. Zikipita, lazima hukumu ya korti, na korti ni safari na ni pesa. Watoto wengi waliozaliwa katika mahema haya hawajaandikishwa. Wakifika miaka 18, mtu atawauliza wako wa wapi, na hawatakuwa na cha kuonyesha. Baadhi ya wamama wanaogopa kwamba wakiandikisha mtoto hapa watapoteza haki ya kurudi kijijini. Si kweli. Karatasi inaonyesha mahali alipozaliwa, haiwafungi hapa.

Afisa wa kuandikisha amekuja, amekaa na kitabu chake chini ya mwembe, na atabaki mpaka saa kumi. Mleteni mtoto na karatasi ya maternite. Aliyezalia njiani, aje na mashahidi wawili, na mashahidi hao wanaweza kuwa wa kabila lolote.